Afya Jikoni: Tule Vyakula vya Uingereza kwa Mapishi Yetu ya Nyumbani

  Leo tunaingia jikoni.

Swali linaloulizwa sana na ndugu zetu waishio Uingereza ni hili: mtu ale nini hapa bila kupoteza afya wala kumaliza mshahara? Wengi huona njia ni mbili tu. Ya kwanza ni kutafuta chakula cha nyumbani kwa gharama yoyote: ndizi mbichi, mchicha, bamia, muhogo, vyote vimelipiwa nauli ya ndege au meli kabla hujalipa wewe. Ya pili ni kukata tamaa na kula vya barabarani: kuku wa kukaanga na chipsi, kebabu, piza na soda, hasa kwa wale wanaotoka kazini usiku na kukuta nyumba haina chakula.

Ipo njia ya tatu. Nunua mazao ya hapa yakiwa katika msimu wake, kisha uyapike kwa mkono wa kwetu. Ni chakula cha bei nafuu, kina ladha tunayoijua, na ndicho kinachoulinda mwili. Walio Marekani, Ghuba au kwingineko watakuta majina ya mazao na bei vinatofautiana, lakini kanuni ni zile zile.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI

Hapa Uingereza, watu wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Asia ya Kusini wana uwezekano mara 2 hadi 4 zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili kuliko Wazungu, na ugonjwa huwapata wakiwa na umri mdogo zaidi. Shinikizo la damu nalo huwapata sana watu wenye asili ya Afrika. Ndiyo maana katika kupima uwiano wa uzito na urefu, madaktari wa hapa huanza kututahadharisha sisi tukifika 23, wakati kiwango cha kawaida cha tahadhari ni 25.

Asili ni sehemu tu ya sababu. Tazama sahani zetu. Nyumbani pilau, biriani, chapati, sambusa na soda vilikuwa vyakula vya sikukuu, harusi au mgeni. Siku za kawaida mtu alikula ugali na mboga za majani, maharage, dagaa, mihogo ya kuchemsha, na alitembea kwa miguu kwenda sokoni, shuleni au kazini. Hapa chakula cha sikukuu kimekuwa cha kila siku, na kutembea kumekuwa kwa nadra. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nakula chakula chetu tu, sili vyao" anaweza kuwa anakula vibaya kuliko jirani yake anayekula viazi na kabichi.

MBOGA ZA HAPA TUNAZOZIJUA TAYARI

Ukiona rundo la majani ya kijani kibichi limeandikwa "spring greens", hiyo ni ndugu wa sukuma wiki. Huanza kujaa madukani majira ya kuchipua. "Kale", yenye majani yaliyojikunja, ni ndugu mwingine, na wakati wake mzuri ni majira ya baridi, kipindi ambacho mboga nyingine zimeadimika. Zote mbili zikatwe nyembamba kama tulivyozoea, na zisipikwe muda mrefu hadi zikawa kahawia, kwani vitamini C huharibika kwa moto na kupotelea majini.

Kabichi, karoti, vitunguu, viazi na mboga za mizizi kama "swede" na "parsnip" hupatikana majira yote ya baridi kwa bei ndogo. Swede ukiikata vipande ukaipika kwenye mchuzi hulainika vizuri na kuwa na utamu kidogo. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna matango, nyanya, njegere na maharage mabichi. Vuli huja na tufaha, na mwisho wa Oktoba huja maboga. Wenyeji wengi huyachonga maboga kwa mapambo kisha huyatupa, na yanayobaki dukani huuzwa kwa punguzo kubwa. Boga la namna hiyo lina maji kuliko letu, lakini likipikwa na karanga zilizosagwa linaliwa bila malalamiko.

Usidharau mboga za friza. Spinachi na njegere zilizogandishwa hazipungui lishe kuliko mbichi zilizokaa siku 5 kwenye friji, na hazikuozei. Ukiishi London, masoko ya mitaani kama Ridley Road na East Street huuza mboga kwa bakuli, na kuelekea jioni wauzaji wengi hushusha bei. Anayependa kulima aulize halmashauri ya mtaa wake kuhusu vishamba vya kukodi, vinavyoitwa "allotment". Foleni inaweza kuwa ndefu, lakini ukipata utachuma majani ya maboga ya mkono wako mwenyewe.

Lengo ni kula matunda na mboga mafungu 5 kwa siku, kila fungu gramu 80. Viazi havihesabiwi humo, maana ni chakula cha wanga.

SAMAKI, KUNDE NA NAFAKA

Samaki wenye mafuta ni chakula cha moyo, nao ni hao hao tuliowazoea: vibua, wanaoandikwa hapa "mackerel", pamoja na sardini. Wa kopo wanafaa kabisa, na mifupa laini ya sardini ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Kula walau mara 1 kwa wiki. Wanawake wajawazito, wanaonyonyesha au wanaotarajia kuzaa siku za mbele wasizidishe mara 2 kwa wiki, kwa sababu samaki hawa huweza kuwa na chembechembe za uchafuzi wa bahari.

Adesi, choroko, mbaazi na maharage ni protini ya bei ndogo kuliko nyama. Maharage ya kopo ni salama; yamwagie maji uondoe chumvi. Nyama ukiinunua, chagua isiyo na mafuta mengi. Kwa wasiokula nguruwe, soma viungo vilivyoandikwa kwenye biskuti, keki na peremende, kwani vingine huwa na mafuta au jelatini yake.

Asubuhi ya baridi, jaribu uji wa oats. Hiki ni chakula cha jadi cha Waskoti, na kwa mtu aliyelelewa kwa uji si kigeni. Gramu 40 za oats, mililita 300 za maji na maziwa vikichanganywa, dakika 5 jikoni, kisha iliki na nusu ya ndizi mbivu badala ya sukari. Utelezi wake husaidia kupunguza kolesteroli, na utakaa na shibe hadi mchana. Nunua oats zisizotiwa chochote. Zile za pakiti ndogo ndogo mara nyingi zimetiwa sukari.

Chakula kingine cha wenyeji kinachofaa kuigwa ni kiazi kikubwa kilichookwa na ganda lake. Wao hukijaza siagi na jibini. Wewe kijaze maharage yaliyobaki jana na kachumbari.

VITU VITATU VYA KUPIMA: MAFUTA, CHUMVI, SUKARI

Mapishi yetu hayana ubaya. Ubaya uko kwenye mkono unaomimina bila kupima.

Mafuta. Kijiko 1 cha mezani cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, yawe ya alizeti, ya mzeituni au ya nazi. Anayemimina kutoka kwenye chupa humwaga vijiko 6 au 7 bila kujua. Pima kijiko 1 au 2 kwa sufuria ya watu 4, pika vitunguu kwa moto mdogo, na vikianza kushika ongeza maji kidogo. Tui nalo lina mafuta yanayoganda, yale yanayoandikwa "saturates". Kiwango cha siku ni gramu 20 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, na kopo 1 la mililita 400 la tui zito laweza kuwa na zaidi ya gramu 50. Hatusemi uache wali wa nazi. Ufanye wa siku maalumu, na katika michuzi ya kila siku tia vijiko vichache mwishoni, vinatosha kuleta harufu.

Chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 6 kwa siku, yaani kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, pamoja na chumvi iliyojificha kwenye mkate, jibini na supu za kopo. Tahadhari kubwa ni vile vidonge vya mchuzi: katika aina nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukitia vidonge 2 halafu ukaongeza chumvi, umewatilia chumvi mara mbili wote wanaokula. Limau, tangawizi, thomu, pilipili manga, bizari na dania hutia ladha bila kupandisha presha.

Sukari. Kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima ni gramu 30 kwa siku. Piga hesabu: kijiko cha chai kina gramu 4 hivi. Anayekunywa vikombe 4 vya chai, kila kimoja vijiko 2, amekula gramu 32. Amepita kiwango kabla hajagusa biskuti. Punguza nusu kijiko kila wiki 2, na ulimi utazoea.

Dukani soma maandishi ya pakiti, sehemu ya gramu 100. Chumvi ikizidi gramu 1.5, sukari ikizidi 22.5, au mafuta yanayoganda yakizidi 5, hicho ni chakula cha kula kwa nadra. Pakiti nyingi zina rangi mbele: nyekundu maana yake nyingi, njano wastani, kijani kidogo.

VINYWAJI

Maji ya bomba ya Uingereza ni salama kunywa. Pesa za chupa za maji zitumie kununua matunda. Kopo 1 la mililita 330 la kola ya kawaida lina takriban gramu 35 za sukari, yaani zaidi ya kiwango cha siku nzima. Juisi hata ikiwa ya matunda matupu isizidi mililita 150 kwa siku, kwani sukari ya tunda imeshatolewa kwenye nyuzi zake.

Chai yetu ya maziwa na tangawizi haina tatizo ikipunguzwa sukari. Ila isinywewe pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage, na wanawake wengi wana upungufu wa damu. Ngoja kama saa 1 baada ya kula. Limau juu ya mboga hufanya kinyume chake: husaidia chuma kunyonywa.

MAPISHI MATATU YA WATU 4

1. Spring greens na sardini

Vifaa: vichwa 2 vya spring greens, kitunguu 1, nyanya 2, punje 2 za thomu, kijiko 1 cha mezani cha mafuta, makopo 2 ya sardini za nyanya, limau nusu, pilipili ukipenda.

Osha majani, yakunje na kuyakata nyembamba. Pika kitunguu kwenye mafuta dakika 5, tia thomu na nyanya hadi ziwe rojo. Tia majani, funika dakika 5. Weka sardini juu, acha dakika 3, kisha kamua limau. Usitie chumvi, samaki wa kopo wanayo tayari. Kula na ugali wa kiasi au viazi vya kuchemsha.

2. Mchuzi wa adesi na karoti

Vifaa: gramu 250 za adesi nyekundu, karoti 2, kitunguu 1, tangawizi na thomu zilizopondwa, kijiko 1 cha chai cha manjano, kijiko 1 cha mezani cha mafuta, vijiko 4 vya mezani vya tui, nusu kijiko cha chai cha chumvi, limau.

Adesi hizi hazihitaji kulowekwa. Zioshe. Pika kitunguu, thomu na tangawizi kwenye mafuta, tia manjano, karoti, adesi na lita 1 ya maji. Chemsha kwa moto wa wastani dakika 25 hivi hadi zivurugike. Tia chumvi na tui, zima moto, kamua limau. Kikibaki, kesho ongeza maji, kitakuwa supu.

3. Kuku wa kuoka na mizizi

Vifaa: mapaja 8 ya kuku, viazi 4, karoti 4, parsnip 2, vitunguu 2, kijiko 1 na nusu cha mezani cha mafuta, limau 1, thomu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi nusu kijiko cha chai.

Hiki ndicho chakula cha Jumapili cha Waingereza, kimevaa nguo zetu. Pakaza kuku viungo na limau, acha nusu saa kwenye friji. Kata mboga vipande sawa, changanya na mafuta, tandaza kwenye trei kubwa, weka kuku juu. Oka kwa digrii 200 dakika 45 hadi 50. Kuku ameiva ukimchoma sehemu nene na maji yakatoka meupe bila damu. Ondoa ngozi wakati wa kula. Kando yake weka kabichi iliyochemshwa dakika 4.

KWA WANAOFANYA KAZI ZA USIKU

Anayeishi peke yake na kufanya kazi za zamu hashindwi na mapishi. Anashindwa na uchovu. Dawa yake ni kupika siku ya mapumziko sufuria 2, moja ya adesi na moja ya maharage, ukagawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja na kuweka friza. Ukirudi saa 2 asubuhi, chakula kipo dakika chache tu kwenye maikrowevu, na duka la kuku halikupati.

Zingatia usalama. Chakula kipoe na kuingia friji ndani ya saa 1 hadi 2. Kipashwe mara 1 tu, hadi kitoe mvuke katikati. Wali uangaliwe zaidi: vijidudu vyake huvumilia moto, na wali ukiachwa nje huzalisha sumu isiyoondoka kwa kupashwa. Upoze ndani ya saa 1, uweke friji, na uliwe ndani ya siku 1. Ule wa kulala jikoni hadi asubuhi, tupa.

Kwenye pakiti, "use by" ni tarehe ya usalama, usiivuke. "Best before" ni tarehe ya ubora tu. Chakula kikiwa kizima unaweza kukila.

TAHADHARI MUHIMU

Maharage makavu mekundu yana sumu ya asili. Yaloweke saa 12, mwaga maji hayo, yachemshe kwa moto mkali wenye mapovu walau dakika 10, kisha endelea hadi yalainike. Zile sufuria za umeme za kupika polepole hazifikii moto huo, kwa hiyo usiyatie humo kabla ya kuyachemsha.

Sisi tunapenda majani, lakini si kila jani linaliwa. Majani ya viazi mviringo si matembele, yana sumu. Mmea uitwao "rhubarb", wenye mashina mekundu, huliwa mashina tu. Majani yake ni sumu.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani bila kuongea na kliniki yake. Balungi huingiliana na baadhi ya dawa za kolesteroli na za presha, muulize mfamasia. Mwenye kisukari asiache dawa kwa kuwa amebadili chakula. Abadili chakula na daktari ajue.

Vitamini D haitoshi katika chakula pekee. Ngozi nyeusi chini ya jua la hapa hutengeneza kidogo, kwa hiyo inashauriwa tufikirie kumeza kidonge cha maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, si majira ya baridi tu.

KAZI YA WIKI HII

Fanya mambo matatu. Kwanza, hesabu vijiko vya sukari vya siku moja, vyote, na uviandike. Pili, pima mafuta kwa kijiko kila unapopika. Tatu, nunua mboga moja ya hapa ambayo hujawahi kuipika, uipike na vitunguu, nyanya na thomu kama unavyojua.

Na kama una umri wa miaka 40 hadi 74, unaishi England na huna ugonjwa wa moyo, kisukari wala figo uliokwisha kutambuliwa, una haki ya kupimwa afya bure kila baada ya miaka 5: presha, kolesteroli na hatari ya kisukari. Piga simu kwa kituo cha daktari wako uulize. Presha na kisukari huanza bila maumivu, na wengi wetu hugundua tumelazwa.

Chakula kizuri kiko soko la mtaani kwako, na mkono wa kukipika unao tayari.